Chumvi ya Nyama Mbichi

Wifi yangu aliponiambia ana mimba, nilipiga vigelegele mbele ya wateja. Nilikuwa nyuma ya kaunta nikimfungia soseji mama mmoja mwenye haraka zake, wifi akachungulia mlango wa ndani, aproni imejaa pilipili manga, akaninong'oneza sikioni. Soseji zote zikanitoka mkononi, zikatawanyika sakafuni. Yule mama alinuna, lakini aliposikia sababu akacheka na kusema nimfungie nyingine, atasubiri. Kaka yangu na mkewe walikuwa wametafuta mtoto mpaka watu wakachoka kuwauliza, na kwa ukoo wetu, watu kuchoka kuuliza si jambo dogo.

Kazini tulimwita Mizani. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwa mama yake na kwenye kitambulisho. Alikuwa mchanganyaji wa nyama katika kiwanda kidogo cha soseji, na hilo neno "kiwanda" lenyewe ni la kukipamba tu. Mbele kulikuwa na duka ambalo mimi niliuza. Nyuma kulikuwa na chumba kimoja cha vigae vyeupe, chenye sakafu iliyoinama kidogo ili maji ya kuoshea yateremke kwenye mfereji. Humo mlikuwa na mashine ya kusagia, mashine ya kujazia inayozungushwa kwa mkono, meza ya chuma, na beseni pana ambalo Mizani aliinamia siku nzima akikanda nyama mikono imezama hadi viwikoni.

Aliingia pale kama muosha mabeseni. Mchanganyaji wa zamani alikuwa mzee mkali asiyependa kuulizwa, na siku moja Mizani, akiwa na sifongo mkononi, akamwambia nyama ya siku ile imezidi chumvi. Mzee akafoka. Jioni wateja wakaanza kurudisha soseji. Mzee hakumsemesha wiki nzima, kisha akamwita mwenyewe na kumsogezea beseni. Alipostaafu hakuna aliyeuliza nani atashika nafasi yake.

Na jinsi alivyokuwa akionja! Alichota nyama mbichi kiasi cha kucha, akaiweka katikati ya ulimi, akaibana kwenye kaakaa, akafumba macho. Sote tulinyamaza, hata bosi, hata mimi ambaye nasifika kwa mdomo. Halafu aliitema kwenye ndoo, akasukutua kwa maji, akatoa hukumu. "Chumvi bado." Au, "Kitunguu saumu kimelala, hakisikiki." Bosi aliwahi kununua mizani ya kisasa ya kupimia viungo, ikapima vizuri sana, na bado nyama ikapelekwa kwa Mizani aipitishe. Jina likamganda tangu siku hiyo.

Mimi ndiye niliyempeleka kwetu. Nilimwambia aje tu kusalimia, nikijua kaka yangu yuko nyumbani akipigilia misumari kwenye makochi ya watu. Kaka ni fundi makochi, na ndiye bubu wa ukoo wetu: sisi wengine tunaongea kwa zamu yake pia. Mizani aliingia, akakaa kwenye kochi lisilokwisha, likamtumbukiza hadi sakafuni. Kaka akacheka kwa sauti, mimi na Mama tukatazamana kwa mshangao. Harusi haikukawia.

Basi mwaka huo wa mimba ulikuwa mwaka wa mambo mazuri kufuatana. Miaka yote nyama ilitufikia ikiwa imegandishwa, vipande vigumu kama matofali, tukaiacha iyeyuke kabla ya kusaga. Mwaka ule bosi akapata wazo. Akafanya mpango na machinjio, nyama ikawa inaletwa alfajiri, ya kondoo na ya ng'ombe, bado laini, haijawahi kuona friza. Akaandikisha kibao kipya mlangoni: NYAMA YA LEO LEO. Foleni ikafika mtaa wa pili! Sitii chumvi, muuza viatu wa jirani alilalamika kwamba wateja wetu wanamzibia mlango.

Mizani alifurahi kuliko bosi. Alisema ulimi wake umefunguka, kwamba nyama hii inaongea na ile ya zamani ilikuwa inanung'unika tu. Na mimba nayo ikamzidishia: alisikia harufu ya iliki kutoka ng'ambo ya barabara, alijua mfuko upi wa pilipili umekaa sana. Akaonja zaidi ya alivyokuwa akionja. Tulimtania kwamba mtoto atazaliwa anadai chumvi.

Ndipo shingo ikamvimba. Vilikuwa vivimbe vidogo chini ya masikio, visivyouma sana, na uchovu wa kumfanya akalie ndoo iliyopinduliwa katikati ya kazi. Mama akasema ni mimba, mwili unajipanga. Mimi nikasema ni mafua. Kwa bahati siku ya kliniki ilikuwa karibu, na daktari wa pale, mama mfupi anayetembea upesi mpaka koti lake linapepea, alimpapasa shingo akaacha kutabasamu. Akachukua damu.

Tuliporudi kwa majibu nilimsindikiza. Daktari alifunga mlango, na nikajua si jambo jema, maana siku zote mlango wake huwa wazi.

"Kuna kimelea kinaitwa toksoplasma," alisema. "Ni kidudu kidogo mno, hukioni kwa macho. Watu wengi wanakipata na hawajui, wanadhani ni homa imepita. Shida ni mama akikipata kwa mara ya kwanza akiwa na mimba. Damu uliyotoa ulipoanza kliniki haikuwa na dalili zake. Hii ya sasa inazo."

"Shida ipi?" Mizani aliuliza.

"Kinaweza kumvukia mtoto. Kikimvukia, kinapenda macho na ubongo. Wapo watoto wanaozaliwa na kichwa kilichojaa maji. Wapo wanaozaliwa wazima kwa kuwatazama, kumbe ndani ya jicho pana kidonda. Na wapo wengi ambao hakiwafikii kabisa. Wako sijui ni yupi."

Mizani alishika tumbo kwa mikono miwili. "Ataona, daktari?"

"Sijui bado. Ninachojua ni kwamba unaanza dawa leo, na mtoto tutamwangalia mara kwa mara kwa picha. Tumekigundua mapema, hilo ni jambo kubwa. Sasa niambie. Nyama mbichi unakula?"

"Mimi? Hapana! Hata isiyoiva vizuri siigusi. Kazi yangu ni nyama, daktari, najua nyama mbichi si ya kula."

Alijibu kwa roho safi kabisa, nami pembeni nikaitikia kwa kichwa kama shahidi wake.

"Mna paka nyumbani?"

"Tunaye."

"Kinyesi cha paka usikiguse. Mwachie mumeo."

Kumbe hapo daktari alikuwa amewasha moto asiouona. Tulipofika nyumbani na kueleza, Mama aliruka kutoka kitini. "Nilisema! Nilisema mimi yule paka!" Hakuwahi kusema. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimpa vichwa vya samaki, tena vya kuchemsha. Kaka alisimama mlangoni mwa karakana yake, paka kalala nyuma yake kwenye vipande vya sponji, akajitahidi kumtetea.

"Mama, huyu hatoki nje. Panya wenyewe anawaogopa."

"Unamchagua paka kuliko mwanao?"

Kaka akamwinua paka kutoka kwenye sponji. Paka akafungwa kwenye kikapu, akapelekwa kwa mshona nguo wa mtaa wa nyuma, akilia njia nzima mpaka watu wakatoka madirishani. Kaka akafua mapazia, akasugua sakafu kwa dawa mpaka rangi ikaanza kutoka. Mama akashika jiko: mboga ilioshwa na kuoshwa tena, nyama ilipikwa mpaka ikachambuka nyuzi. Nyumba ikawa inanukia hospitali. Na kila asubuhi Mizani alitoka katika nyumba hiyo iliyosafishwa, akaja kazini, akavaa aproni, akaonja.

Miadi iliyofuata daktari alitaka kujua habari za paka. Nilimweleza mimi, kwa madoido yote, kikapu na kilio na Mama na mapazia. Daktari alicheka kidogo, kisha akauliza paka huyo alikuwa akila nini, na kama aliwahi kuwinda.

"Chakula cha kupikwa. Na hajawahi kukamata hata mende," nikasema.

"Basi huyo mmemfukuza bure. Paka asiyewinda na asiyekula kibichi ni vigumu kuwa nacho." Akamgeukia Mizani. "Nieleze siku yako kazini. Tangu unapovaa aproni. Usiruke kitu."

Mizani akachangamka. Tangu majibu yatoke alikuwa mnyonge, lakini ukimuuliza kazi yake uso unang'aa, hawezi kujizuia. Akaeleza nyama inavyoingia, inavyosagwa, viungo vinavyotangulia na vinavyofuata. Akaeleza kukanda. Halafu akanyoosha kidole, akachota nyama isiyokuwepo kutoka hewani, akaiweka ulimini, akafumba macho palepale kwenye kiti cha kliniki. "Hapo ndipo naijua," alisema. "Wananiita Mizani kwa sababu hiyo."

Alipofungua macho, daktari alikuwa ameweka kalamu chini.

Na mimi nilikuwa nimesimama. Sikumbuki kusimama. Nilikuwa nimemwona akifanya vile siku zote za kazi yangu, na ilibidi afanye hivyo katika chumba kisicho na nyama ndipo nione.

"Naitema, daktari," Mizani alisema taratibu. "Kila mara naitema. Nasukutua."

"Unaitema nyama. Kimelea kinabaki kwenye mate, na mate unameza."

"Lakini nimeonja miaka yote! Mbona sikuugua?"

"Nyama mnaipata wapi?"

"Bosi amebadilisha!" Sikuweza kujizuia, nilipayuka mpaka nesi akachungulia. "Zamani iligandishwa! Sasa hivi ni ya leo leo, ina kibao na foleni!"

Daktari alipiga kofi moja dogo mezani. "Ndiyo hiyo. Baridi kali, nyama ikikaa humo siku za kutosha, inaua kimelea. Miaka yote friza ilikuwa inakukinga na hukujua. Hii mpya imekuja moja kwa moja ulimini kwako, na wewe tayari una mimba."

Moyo ulinienda mbio kama nimeshika mwizi. Tulikuwa tumejua! Tumekipata kilikotoka! Nilitaka kukimbia kumwambia kaka, nimwambie bosi, nimrudishe paka kwa maandamano. Kisha nikamtazama wifi yangu. Alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja.

Nje tulikaa kwenye benchi. "Watu walikuwa wanausifu huu ulimi," alisema. "Mimi mwenyewe nilikuwa najisifu nao. Ungejua ninavyouchukia leo, wifi. Kama mtoto wangu haoni, nimemziba macho mimi mwenyewe, kwa kufanya kazi niipendayo."

Nilitaka kulia, lakini ningelia tungekuwa wawili. "Utauchukia ukishazaa," nikamwambia. "Sasa hivi tunauhitaji kumezea dawa." Akacheka na machozi yakamtoka kwa pamoja. Nikamshika mkono tukaondoka.

Bosi aliposikia alikaa kwenye kreti tupu. Si mtu mbaya, ana watoto wake. Asubuhi iliyofuata alikuja na jiko dogo la gesi na kikaango kisichozidi sahani ya chai, akaviweka kando ya beseni. Tangu hapo kila mchanganyiko ulichotwa kipande, kikakaangwa mpaka kikaiva kabisa, ndipo kikaonjwa. Mizani alirudi kazini baada ya mapumziko mafupi, akakionja kipande cha kwanza kama mtu anayesalimiana na aliyegombana naye. Akatafuna, akameza. "Ya kukaangwa inasema ukweli zaidi," akasema. "Ndiyo anayokula mteja." Paka naye alirudi, amenenepa, na kwa wiki nzima alimkaushia Mama.

Miezi iliyobaki tuliishi roho juu, lakini si kwa huzuni tu. Kila picha ya tumbo ilikuwa kama kusubiri matokeo ya mtihani! Daktari alipitisha kifaa chake tumboni, akapima kichwa cha mtoto, akasema, "Kinakua sawa," na mimi nikapiga ngumi hewani mpaka akanionya kwamba nitatolewa nje. Kaka alisubiri koridoni, akiniuliza kwa nyusi, nami nikimjibu kwa kidole gumba. Nyumbani alikuwa anashona kigodoro cha mtoto, anakifumua, anakishona tena. Picha hazikuweza kuonyesha ndani ya jicho. Kila mtu alilijua hilo na hakuna aliyelitaja, isipokuwa Mizani, ambaye alimwuliza daktari kila mara swali lilelile, "Ataona?" na kila mara daktari akamjibu kwa ukweli uleule.

Alizaliwa asubuhi ya jua kali, msichana, na mlio wake tuliusikia mpaka getini. Ana mapafu ya upande wetu! Nilipopewa kumshika nilimkagua mwili mzima: amekamilika, mweusi wa nywele, na pua ya kaka yangu, maskini. Mama alianguka magotini akashukuru. Kwa kumtazama tu ungeapa hana kitu. Lakini damu yake ilipopimwa ilionekana kimelea kilikuwa kimemvukia.

Wakampima kichwa kwa kupitisha kifaa kwenye utosi, pale palipo laini. Hakuna maji, hakuna madoa. Wakapima masikio: anasikia. Nilikuwa nimeanza kucheza koridoni pale walipotuita kwa daktari wa macho.

Huyu alikuwa mwanamume mrefu mwenye taa ya kuvaa kichwani na vidole vya taratibu. Mtoto alifungwa shuka, akatiwa matone, akapiga kelele za kukataa. Daktari akainama na kioo chake.

"La kulia safi," alisema. "Safi kabisa."

Kaka akanishika bega. Daktari akahamia la kushoto, akakaa hapo. Akabadilisha kioo, akakaa tena. Mizani alikuwa anautazama mgongo wake kana kwamba jibu litaandikwa kwenye koti.

"Hapa pana kidonda," alisema hatimaye. "Kiko kando ya katikati ya jicho, sehemu tunayotumia kuona sura za watu na vitu vidogo. Hakijaigusa katikati yenyewe. Lakini pote pamevimba."

"Kwa hiyo haoni?" Mizani aliuliza.

"La kulia linaona. Hili sijui. Uvimbe ukiisha bila kuharibu katikati, linaweza kuona vizuri. Ukiharibu, litabaki la mwanga na kivuli. Anaanza dawa leo, atakunywa mwaka mzima. Dawa ni kazi yangu, kumfanya azimeze ni kazi yenu."

Kazi ilikuwa yetu kweli! Dawa zilikuwa chungu, naye mtoto akarithi ulimi wa mama yake: alijua kijiko kinakuja hata ukikificha nyuma ya mgongo. Alitema kwenye mashati, kwenye mapazia, kwenye kochi la mteja. Kila mara alichomwa sindano kuangalia kama dawa hazimpunguzii damu. Na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo ukoo mzima bado unalisimulia: kaka yangu alianza kuimba. Bubu wetu! Aligundua kwamba akiimba kwa sauti nzito mtoto anaacha mdomo wazi kwa mshangao, na hapo Mizani anapenyeza kijiko. Waliokuja kuchukua makochi yao walimkuta anaimba na msumari mdomoni.

Mtoto alipoanza kukaa mwenyewe, daktari wa macho alifanya jaribio ambalo lilininyima usingizi. Alimpa mdoli wa kuchezea, halafu akamziba jicho la kushoto kwa kiganja. Mtoto akaendelea na mdoli wake kama hakuna kilichotokea. Kisha akamziba la kulia. Mtoto akapiga kelele, akamkwaruza mkono, akatupa kichwa huku na huku ili auondoe mkono ule.

"Umeona?" daktari alimwambia Mizani kwa upole. "Nikiziba hili, namnyima kitu. Nikiziba lile, hajali."

"Nimeona," alisema Mizani. Hakulia. Alimvalisha mtoto kofia kwa uangalifu mkubwa, akaifunga kamba chini ya kidevu, akaifungua, akaifunga tena.

Lakini daktari hakuwa amemaliza. Alisema uvimbe umekwisha, kidonda kimekauka kikawa kovu, na katikati, kwa anavyoona, pamebaki salama. Jicho lenyewe ndilo limezoea uvivu, kwa kuwa mwenzake anafanya kazi yote. Dawa yake ni kulifunga lile zuri kwa kibandiko saa kadhaa kila siku, la kushoto lilazimike. Linaweza kuamka. Linaweza lisiamke. "Msimwonee huruma," alisema.

Huo ulikuwa wakati mgumu kuliko dawa chungu! Ukimbandika, analia, anapapasa, anajigonga. Anabandua, unabandika. Mimi nilivichora vibandiko maua na samaki ili nijifariji mwenyewe. Kaka alichukua sponji akavika miguu yote ya meza, ya viti, na ya kabati, kila kona ya nyumba, mpaka mgeni mmoja akauliza kama tunahama. Mama alishindwa kutazama, akawa anaenda kukaa uani. Ni Mizani aliyekaa sakafuni na mtoto kila alipotoka kazini, akimrushia vifungo vikubwa, halafu vya kati, halafu vidogo, bila kuchoka na bila kumhurumia. "Tafuta," alimwambia. "Kipo. Tafuta."

Siku nyingine alikipata. Siku nyingine alikipata kwa kupapasa, na hatukujua tuhesabu vipi. Ndivyo tulivyobishana kila jioni: mimi naapa ameona, Mama anasema amesikia kifungo kinaanguka, kaka anaokota vifungo.

Mwaka wa dawa ulipokwisha tulikwenda wote. Haikuwa lazima, lakini hakuna aliyekubali kubaki. Daktari wa macho alimweka mtoto mapajani mwa kaka, akabandika kibandiko juu ya jicho la kulia, akakibana pembe zote. Kisha akamwita nesi, na akatutaka mimi na Mizani tuvae makoti meupe kama la nesi, na kofia za kuficha nywele. Akatusimamisha sote watatu ukutani, mbali kidogo na mtoto, akatuonya: hakuna kusema, hakuna kukohoa, hakuna kutabasamu wala kunyoosha mkono. "Sauti anaijua, harufu anaijua," alisema. "Nataka kujua kama anaijua sura."

Nilisimama katikati. Kushoto kwangu nesi, kulia kwangu Mizani. Nilimsikia anavyopumua, pumzi fupi fupi. Mimi, ambaye sijawahi kunyamaza katika maisha yangu, niliuma midomo mpaka ikauma.

Mtoto akainua kichwa. Akamtazama nesi, akapoteza hamu. Akanitazama mimi. Mimi shangazi yake, niliyekuwa nikishinda naye nyuma ya kaunta, niliyemchorea samaki na maua, niliyempa wimbo wake wa kwanza! Alinikazia lile jicho la kushoto, likatulia juu yangu, nikaona kabisa ananifahamu, na moyo ukanilipuka. Halafu likaniacha, likasogea polepole mpaka kwa aliyesimama pembeni yangu.

Uso wote ulifunguka. Alicheka kwa sauti, akajitupa mbele mpaka kaka ikabidi amdake kiunoni, mikono yote miwili imenyooshwa kwa mama yake.

Mizani hakusubiri kuruhusiwa. Kaka alikuwa analia waziwazi, Mama anapiga vigelegele koridoni kabla hajaambiwa kitu, na daktari anajaribu kueleza kwamba kovu litabaki, kwamba macho hayo yataangaliwa kila mwaka, maneno ambayo tulikuja kuyasikia vizuri baadaye. Mimi nilibaki ukutani na koti lililonizidi, mtoto akiwa amenipita kana kwamba mimi ni pazia. Tangu nizaliwe sijawahi kupuuzwa nikafurahi namna ile.